Barua ya wazi kwa wakubwa wa elimu Tanga: hizi karatasi zenu nazitoa kopi mimi

Kwenu walimu wakuu, kamati za shule, maafisa elimu kata na wakubwa wote wa elimu hapa jijini.

Shikamooni. Mimi ni mama wa watoto watatu: mmoja yuko awali, mmoja darasa la nne, mmoja kaingia kidato cha kwanza. Tena nina steshenari Ngamiani, katika hizi barabara zetu za namba. Mashine ya kopi moja, printa moja, kompyuta iliyochoka, na kabati la kioo lenye kalamu na karatasi za manila. Nalitaja duka mapema asije mtu kesho akasema nilificha. Karatasi mnazowatuma wazazi ndizo zinazonilipia nusu ya kodi ya fremu. Januari ndiyo Iddi yangu. Basi mkisoma malalamiko haya mjue anayelalamika anakula humo humo.

Lakini nimechoka. Na wanaosimama mbele ya kaunta yangu wamechoka kunizidi.

Muhula huu ulipoanza alikuja bibi mmoja kutoka pande za Mwambani. Mkononi kashika kitu nikadhani ni tambara. Kumbe barua ya shule. Mjukuu aliikunja mara nne akaitia mfuko wa kaptula, kaptula ikafuliwa, ikaanikwa, ikapigwa pasi na barua yake ndani.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Hebu nisomee, mie macho yamekwisha. Huyu mtoto anasema nimeitwa."

Tukaifungua kwa ukucha, polepole, kama chapati zilizoshikana. Kilichosalia kilikuwa mhuri, nusu ya tarehe na maneno "bila kukosa". Ile tarehe tulipoiunga vipande ikasema Jumanne. Siku hiyo ni Alhamisi. Chini kulikuwa na mstari mmoja ulionusurika mzima, sabuni haikuula hata herufi: mzazi asiyehudhuria, mtoto wake hataingia darasani.

"Kumbe ndo maana jana karudishwa," bibi akasema. Akakaa kwenye benchi, akafungua pindo la khanga, akaniuliza kopi ya ile barua ni shilingi ngapi, apeleke shuleni waone kwamba ameipata.

Nikamwambia haihitaji kopi. Akaondoka nayo vile vile, kaifunga kwenye khanga pamoja na hela.

Tatizo letu lote naliona kwa yule bibi. Kwenye vitabu vya shule yeye ni mzazi aliyeitwa akakaidi. Ukweli ni kwamba hajaitwa na mtu. Aliyetumwa kumwita ana miaka minane. Tarishi wa ofisini hupewa baiskeli na daftari la kusainia anayepokea. Huyu tarishi wetu mfuko umetoboka, na njia nzima ina miembe. Barua ikimpotea, anayesimamishwa nje ya darasa ni yeye.

Ndiyo maana ombi langu kubwa naliweka hapa mwanzoni, na mkilipokea hili peke yake nitashukuru: kosa la karatasi asibebeshwe mtoto. Fomu haijasainiwa, mzazi hakuja kikaoni, rimu haijaletwa, mtafuteni mzazi. Mtoto mwacheni akae kwenye dawati lake.

Maana mkimtisha mtoto, mnapata saini, tena mnazipata kwa wingi. Kuna kijana wa bodaboda anaegesha kona ya dukani kwangu. Watoto wote wanamjua. Anayetaka saini ya mzazi kabla kengele haijalia anampelekea yeye, naye anasaini juu ya tangi la pikipiki. Hatozi kitu, siku nyingine anapewa embe. Siku nilipomgombeza alinijibu taratibu kabisa: "Dada, mimi hapa nina watoto kumi na mmoja, na wote wanasoma."

Nilicheka. Kisha juma lile lile nikakuta kwenye daftari la mwanangu wa darasa la nne saini yangu ambayo sikuiandika. Kaipatia, hata ule mkia wa mwisho. Nilipomuuliza hakukataa. "Ulikuwa umelala, mama. Na mwalimu anachapa."

Leo mna majalada yaliyojaa saini. Akija mkaguzi, wazazi wote wamesoma, wote wameridhia, wote wameahidi kufuatilia maendeleo ya mtoto. Nawaambieni kutoka nyuma ya kaunta: nyingi ni za bodaboda, za kaka mkubwa na za dada wa kazi, na zilizoandikwa vizuri kuliko zote ni za watoto wenyewe.

Nije kwenye cheti cha kuzaliwa, ambacho mimi nakiita mteja wangu wa kudumu. Huyu wangu wa kidato cha kwanza nimemtolea kopi ya cheti alipoanza awali, nikatoa nyingine alipoingia darasa la kwanza, nyingine kwenye usajili wa upimaji wa darasa la nne, nyingine la saba, na ya tano juzi ya fomu ya kujiunga na sekondari. Nne kati ya hizo zimekwenda shule ile ile, kwenye kabati lile lile. Cheti chenyewe kimetolewa na RITA, wakala wa serikali anayesajili vizazi, na kina namba isiyobadilika. Baraza la Mitihani nalo limempa mwanafunzi namba ya PREM inayomfuata toka shule moja hadi nyingine. Mtoto hazaliwi upya kila akipanda darasa. Kopi niliyowapa awali imepatwa na nini?

Kwangu ni shilingi mia tu, mtasema. Kwa anayeishi Pongwe ni mia ya kopi, nauli ya kuja na kurudi, na asubuhi nzima ambayo hakwenda shambani.

Na pamoja na kopi zote hizo, majina bado yanakosewa. Mtoto ni Omari kwenye cheti, Omary kwenye rejista, Omar kwenye orodha ya mtihani. Likigundulika, mzazi anatumwa kwa wakili akatafute hati ya kiapo, kisha anarudi kwangu kuitolea kopi. (Viapo vimenilipia umeme miezi mingine, nakiri.) Zipo shule ambazo wiki moja kabla ya kupeleka majina ya mtihani hubandika orodha mlangoni, kila mzazi akaja na cheti chake kukagua herufi za mwanawe. Haigharimu chochote zaidi ya gundi. Kwa nini isiwe kila shule?

Halafu karatasi zikishakusanywa, huwa zinakwenda wapi? Nitasema niliyoyaona. Jioni moja nilinunua karanga za shilingi mia mbili karibu na soko la Mgandini, zimeviringiwa karatasi kama kawaida. Nilipomaliza kuzila nikaikunjua ile karatasi, ndiyo mazoea ya kazi. Ilikuwa fomu ya uchunguzi wa afya ya mwanafunzi. Jina lake kamili, tarehe ya kuzaliwa, jina la mama, namba ya simu ya mama, na majibu ya vipimo. Chumvi ya karanga imeshika juu ya mhuri wa daktari. Nilisimama pale barabarani nikaichana vipande vidogo vidogo, nikavitia mkobani, muuza karanga ananitazama kama mwenda wazimu.

Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, ilianza kutumika Mei 2023, na taarifa za watoto na za afya inazihesabu kuwa nyeti. Sijui ni wangapi kati yenu mmeisoma. Mimi niliisoma kwa hofu, kwa sababu nami sijitoi. Wazazi hunitumia vyeti kwa WhatsApp niwaprintie, navyo hubaki kwenye kompyuta. Nilipofungua jalada lile mara ya kwanza nilikuta vyeti vya watoto wasiohesabika, watoto wa watu, wengine nisiowajua hata sura. Sasa nafuta kila Ijumaa mchana nikifunga duka. Lakini mjini hapa steshenari ziko ngapi, na zinazofuta ni ngapi? Kila kopi mnayoidai bila sababu inapita kwenye mikono kama yangu. Kisha, kama mnavyoona, inafungia karanga.

Sasa kundi la wazazi la WhatsApp, ambalo mnadhani limetuondolea adha.

Kwanza, mwenye kitochi, simu ndogo isiyoingia WhatsApp, hayumo. Yule bibi wa Mwambani hayumo. Mvuvi aliye baharini usiku kucha yumo kwa jina tu. Aliyeishiwa bando atayaona matangazo siku atakayojiunga, yote kwa mpigo, ya Jumatatu mpaka Ijumaa, pamoja na dua, tangazo la vikoi, picha ya mtoto aliyepotea Mwanza mwaka juzi na akapatikana mwaka juzi, na sauti ya mwalimu ya dakika nne ambayo kilichohitajika kimo dakika ya tatu na nusu. Hapo sijagusa mabishano ya mpira.

Pili ni saa zenu. Jumapili moja, saa tatu na nusu usiku, uliingia ujumbe: kesho kila mwanafunzi wa darasa la pili aje na karatasi ya manila, gundi na vijiti ishirini vya chelewa, vya kuhesabia. Mimi nakaa nyuma ya duka. Nilianza kugongewa saa nne kasoro. Niliuza manila usiku ule kama watu wanaotafuta dawa ya mgonjwa. Chelewa sina, siuzi mafagio. Jirani yangu akaingia uani na tochi ya simu kulichambua fagio la mkewe, wakakaa watoto watatu sakafuni wanahesabu vijiti na usingizi umewashika. Asubuhi mwenye fagio alipoamka kufagia alikuta kamba tu na vijiti kama sita. Ugomvi wake tuliusikia mpaka kwetu. Mwalimu alijua tangu lini kwamba Jumatatu atafundisha kuhesabu? Bila shaka liko kwenye azimio lake la kazi, tena huenda nilimprintia mimi.

Tatu, na hili halina kicheko. Wapo wanaobandika kwenye kundi orodha ya watoto ambao hawajalipa uji, jina na deni mbele yake. Watu themanini wanasoma. Mama mmoja aliondoka kwenye kundi baada ya jina la mwanawe kutoka mara mbili. Tangu hapo hapati tangazo lolote, na wala hakuna aliyemuuliza kwa nini.

Uji wenyewe sina ugomvi nao. Mtoto wa awali asipokunywa kitu saa nne, saa tano analala juu ya daftari. Na ninajua yaliyoandikwa: tangu Januari 2016 ada ilifutwa shule ya msingi hadi kidato cha nne, na Waraka wa Elimu Na. 3 wa mwaka 2016 ukaeleza kila mmoja na kazi yake, sare na madaftari na chakula vikabaki kwetu wazazi. Januari 2018 Rais Magufuli akakataza michango ya lazima, walimu wakaambiwa wasishike hela za wazazi. Kwa hiyo mchango wa hiari si haramu. Ninachotaka ni karatasi iseme wazi: huu ni wa hiari au wa lazima, kikao cha tarehe ngapi kiliupitisha, ni wa muhula au wa mwaka, na unalipwa kwa nani. Karatasi nyingi ninazoziona zina kiasi na tarehe ya mwisho tu, tarehe imepigiwa mstari mara mbili.

Na lugha. Mvuvi mmoja wa Sahare aliniletea kurasa mbili za Kiingereza kigumu, barua ya mwanawe kuanza sekondari, nimfasirie. Nikazisoma zote, nikamfupishia: shule inafunguliwa Jumatatu, aje na ndoo na jembe lenye mpini, asije na simu. "Hayo tu?" akaniuliza. "Mbona karatasi nene hivi?" Aliyesaini barua namfahamu, Mbondei wa Muheza, Kiswahili chake kitamu hata kwenye hotuba ya msiba. Sasa alikuwa anamwandikia nani? Katika mji huu huu Wajerumani walifungua shule ya serikali miaka ya 1890, wakitafuta makarani, na mwanzoni mwa karne iliyofuata shule hiyo ilikuwa inachapa gazeti la Kiswahili, Kiongozi, likisomwa pwani na bara. Zaidi ya miaka mia baadaye mvuvi wa Sahare anatafuta mkalimani wa ndoo.

Najua upande wenu pia, maana walimu ni wateja wangu. Ruzuku ya shule ya msingi ni shilingi elfu kumi kwa mwanafunzi kwa mwaka, na sehemu yake hubaki kwa ajili ya vitabu. Hiyo inayofika ndiyo inunue chaki, ikarabati na ichape mitihani. Karatasi za kuwaandikia wazazi zitoke wapi? Na walimu wenyewe wanazama: andalio la somo, shajara, mahudhurio, na fomu za takwimu zinazotakiwa "leo kabla ya saa sita". Mwalimu mmoja alikuja kuprinti fomu ile ile mara tatu kwa siku moja, kwa sababu kila akifika nayo anaambiwa juu wamebadilisha safu. Mara ya tatu hakusalimia. Ninyi mnaokaa huko juu, hili ni lenu. Barua inayomfikia bibi siku mbili baada ya kikao aghalabu ilianza kuchelewa kwenye meza ya mtu mwenye kiyoyozi.

Basi nimejaribu kuichora karatasi ninayoitaka, nikaona isije ikawa ni kelele tu. Ni moja kwa muhula, inatoka shule zikifunguliwa Januari na nyingine Julai. Upande wa kwanza una siku za kufungua na kufunga, wiki za mitihani, na vikao vya wazazi, viwili, saa imeandikwa, na nimeviweka jioni kwa kuwa asubuhi watu wako sokoni, baharini au viwandani. Upande wa pili una michango iliyokubaliwa na kikao chake, vitu ambavyo mtoto ataagizwa muhula huo na wiki ya kuvileta (chelewa zimo), na namba ya simu ya mwalimu wa darasa pamoja na saa ambazo hataki kupigiwa. Kiswahili, herufi kubwa. Imeenea kwenye karatasi moja mbele na nyuma, na nafasi ikabaki.

Nakala moja iende nyumbani, nyingine ibandikwe getini na kwenye ubao wa serikali ya mtaa, ambako mwenye kitochi na asiye na simu kabisa hupita. Likibadilika jambo, tumeni ujumbe mfupi wa kawaida, ule unaoingia hata bila bando, na mtupe siku tano. Si tano za kuandikwa, tano za kutufikia. Ya dharura tunayaelewa. Mvua za masika zikifunga njia hakuna atakayedai siku tano.

Mfano wa karatasi hiyo upo dukani. Shule tatu za kwanza zitakazokuja na tarehe zao nitazichapia nakala mama bure, muhula mzima nikiwa na wino. Najua najikatia mti niliokalia, maana mkiifuata Januari yangu itakuwa nyembamba. Nitauza kalamu.

Bibi wa Mwambani amechukua namba yangu, barua za mjukuu sasa anazileta kabla kaptula haijafuliwa. Juzi imekuja nyingine, ya shule ile ile, inamtaka alete kopi ya cheti cha kuzaliwa. Nimemtolea mbili. Moja apeleke, na ya pili nimemwambia aiweke chini ya godoro, maana mtaitaka tena.

Ni mimi mzazi na mwenye steshenari,
Ngamiani, Tanga.